Niigawe Bure Mikstepu Yangu, au Niiuze kwa Bei ya Nipsey Hussle?

Swali: Nina miaka 23, nachana hapa Mwanza. Nimerekodi nyimbo 14 kwa fedha zangu, bila lebo wala meneja, na ninataka kuzitoa kama mikstepu, yaani mkusanyiko wa nyimbo usio albamu rasmi. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema niigawe bure kama Chance the Rapper, mchanaji wa Chicago, na wapo wanaosema kugawa bure ni kujishusha, bora nitoe nakala chache kwa bei kubwa kama Nipsey Hussle, mchanaji wa Los Angeles, alivyouza mikstepu yake ya Crenshaw kwa dola 100. Nyimbo 4 nimechana juu ya midundo ya wasanii wa Marekani, na naambiwa kwamba kwa kuwa ni mikstepu, tena ya bure, hakuna tatizo. Nishike njia ipi, na nitajuaje kama kazi imepokelewa?

Jibu: Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kabla sijagusa habari ya bei ninataka niondoe kosa moja lililojificha ndani yake, kwa kuwa ndilo linalowagombanisha wenzako. Nipsey Hussle hakuiuza Crenshaw badala ya kuigawa. Aliigawa na kuiuza kwa pamoja. Tarehe 8 Oktoba 2013, wakati nakala 1,000 za sidii zikiuzwa kwa dola 100 kila moja, ambazo ni zaidi ya shilingi 150,000 za wakati ule, mtu yeyote mwenye intaneti, awe Los Angeles au Nyamagana, aliweza kuzipakua nyimbo zote kupitia tovuti ya DatPiff bila kulipa hata senti moja. Maana yake ni kwamba aliyetoa dola 100 hakununua nyimbo, kwa sababu nyimbo alikuwa nazo tayari kwenye simu yake au angeweza kuzipata dakika hiyohiyo. Alinunua kitu cha kushika mkononi, nafasi ya kuingia kwenye shoo iliyoandaliwa kwa ajili ya walionunua, na zaidi ya hayo alinunua haki ya kusema kwamba alikuwepo. Kampeni yenyewe iliitwa Proud 2 Pay, yaani najivunia kulipa, na jina hilo linaeleza biashara nzima kuliko maelezo yangu.

Nakala zote 1,000 zilikwisha ndani ya saa 24. Wengi wanaoisimulia habari hii huanzia kwa Jay-Z, ambaye alinunua nakala 100 kwa dola 10,000, na huishia hapohapo. Mimi ninaona hiyo ndiyo sehemu isiyokufaa kabisa, kwa sababu ukipanga kazi yako kwa kumtegemea tajiri atakayejitokeza utangoja mpaka nyimbo zichuje. Wanaokufaa kuwachunguza ni wale wengine, mamia ya watu wa kawaida ambao hawakuhitaji kununua na bado wakanunua.

Nipsey alieleza kwamba wazo la bei alilipata kwenye kitabu cha masoko kilichosimulia mgahawa mmoja wa Philadelphia uliokuwa ukiuza mkate wa nyama na jibini kwa dola 100. Chakula kile hakikuhitaji tangazo, kwa kuwa kila aliyeiona bei alitoka akaenda kusimulia. Vivyo hivyo bei ya Crenshaw ikawa habari yenyewe, na magazeti yakaandika juu ya sidii ya dola 100 kabla hata ya kuandika juu ya mashairi yaliyomo. Lakini usisahau kwamba ujanja wa namna hiyo huzeeka haraka. Yeye mwenyewe alipotoa Mailbox Money mwishoni mwa mwaka 2014 alilazimika kupandisha bei hadi dola 1,000 kwa nakala 100 tu, na leo msanii yeyote anayetangaza bei ya kushangaza anaonekana kuiga. Kama ungekuja kwangu ukitaka kuichukua bei peke yake, ningekushauri uiache.

Bei ilikuwa paa, na kuta zilikuwa zimesimama miaka mitano kabla. Nipsey, au Ermias Asghedom kwa jina lake la kuzaliwa, kijana aliyezaliwa Los Angeles kwa baba Mwiritrea na mama Mmarekani, alianza kwa kuuzia sidii zake kwenye gari lake katika makutano ya barabara za Crenshaw na Slauson. Mfululizo wake wa Bullets Ain't Got No Name ulianza kutoka mwaka 2008. Alisaini na lebo kubwa ya Epic, kisha akaachana nayo mwaka 2010, na badala ya kukaa akingoja lebo nyingine akaanzisha yake aliyoiita All Money In na kutoa The Marathon mwezi Desemba mwaka huohuo, kisha The Marathon Continues mwaka 2011, zote bure. Kwa hiyo ilipofika siku ya Crenshaw tayari walikuwepo watu waliopokea kazi zake kwa miaka mitano bila kudaiwa kitu, na wengi wao walikuwa wakitafuta namna ya kumrudishia fadhila. Sidii ya dola 100 iliwapa namna hiyo.

Liangalie na jina. Crenshaw ni barabara na ni mtaa, na neno hilo liliandikwa kwenye fulana ambazo watu wa mtaa huo walizivaa kama anwani yao. Sisi tunalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa herufi TMK, yaani Temeke, zilipoanza kutajwa kwenye nyimbo za akina Juma Nature, kijana wa Temeke aliyekuwa akiona haya kutaja anakoishi alianza kuitaja Temeke kwa sauti. Kwa maoni yangu, ule mtaa ulioandikwa kwenye jalada uliuza nakala nyingi kuliko ile bei. Na inaniuma kila ninapokumbuka kwamba alipouawa kwa risasi tarehe 31 Machi 2019, alikuwa amesimama nje ya duka lake la Marathon Clothing, palepale Slauson karibu na Crenshaw, mahali alipoanzia kuuza sidii.

Sasa tuje kwa Chance, ambaye wenzako wengine wanamtumia kama hoja ya upande wa pili. Chancelor Bennett, kwa jina lake la kuzaliwa, alikuwa mwanafunzi wa sekondari Chicago aliposimamishwa shule kwa siku 10, na kutokana na adhabu hiyo akaandika mikstepu yake ya kwanza, 10 Day, iliyotoka Aprili 2012. Acid Rap ilifuata tarehe 30 Aprili 2013, miezi mitano tu kabla ya Crenshaw, nayo ikagawiwa bure. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya mikstepu yoyote kijana huyu alikuwa akipanda jukwaani mara kwa mara kwenye maktaba ya umma ya Harold Washington, katikati ya jiji la Chicago, ambako vijana walikuwa wakipewa maikrofoni ya wazi katika kituo kinachoitwa YOUmedia. Watu waliomsikia pale, waliomwona akikosea mistari na kurudia, ndio waliokuwa wa kwanza kupakua na kuwaambia wengine.

Na hiyo bure yake haikuwa kazi isiyo na malipo. Muziki uliogawiwa ulijaza shoo, shoo zikauza tiketi na fulana, na mapato hayo hakugawana na lebo yoyote kwa kuwa hakuwa amesaini kokote. Alipotoa Coloring Book tarehe 13 Mei 2016, Apple walimlipa dola 500,000 ili kazi hiyo ikae kwao peke yao kwa wiki mbili, jambo ambalo yeye mwenyewe alilieleza hadharani mwaka uliofuata. Haikuuzwa dukani hata nakala moja, na bado iliingia nafasi ya 8 kwenye chati ya albamu ya Billboard kwa kusikilizwa mtandaoni tu, mara milioni 57.3 katika wiki ya kwanza, na ikawa kazi ya kwanza kuingia kwenye chati hiyo kwa njia hiyo pekee. Mwaka huohuo waandaaji wa tuzo za Grammy walibadilisha kanuni ili kazi zinazopatikana mtandaoni pekee ziweze kushindanishwa, na Februari 2017 Chance alichukua tuzo tatu, ikiwemo ya albamu bora ya rap.

Kwa hiyo njia ambazo wenzako wanazibishania ni njia moja. Wote wawili waliuachia muziki uende kwa kila mtu, wote wawili waliuza kilicho pembeni ya muziki, na wote wawili walibaki wamiliki wa rekodi zao. Mimi ningependa ubishi wenu uhamie kwenye hilo la mwisho. Wewe umejilipia studio, lakini je, una karatasi inayosema rekodi zile ni zako? Prodyuza aliyetengeneza midundo yako 10 anaweza kesho kuuza mdundo uleule kwa mtu mwingine, au kudai nusu ya kila kitu wimbo ukishapendwa, na ninyi wawili mtabaki kukumbushana maneno mliyoambiana saa nane za usiku mkiwa mmechoka. Nimewahi kuketi kati ya marafiki wawili wa aina hiyo, wimbo ukiwa tayari unapigwa redioni na hakuna hata mmoja aliyekuwa na maandishi. Karatasi moja yenye jina la wimbo, mgawanyo wa asilimia, tarehe na sahihi zenu inatosha kuanzia. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoundwa, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa tarehe na jina, na wewe mwenyewe ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuanza kupanga shoo.

Hapo pia ndipo ninapolazimika kukuvunja moyo kidogo kuhusu zile nyimbo 4. Neno mikstepu, au kanda mseto kama magazeti yanavyoandika, lilitokana na kanda za madijei wa New York waliokuwa wakichanganya nyimbo za watu, na kwa miaka mingi lebo zilifumba macho kwa sababu kanda hizo ziliwatangazia wasanii wao. Kufumba macho si ruhusa. Januari 2007 polisi waliivamia studio ya DJ Drama, dijei wa mikstepu, jijini Atlanta, wakamkamata yeye na mwenzake Don Cannon, na kuchukua sidii zaidi ya 80,000, ingawa lebo zilezile zilikuwa zikimtegemea awatangazie wasanii wao. Utasema Drama alikuwa akiuza. Sawa, mtazame mchanaji Mac Miller. Mwaka 2010 alitoa mikstepu ya bure ambayo ndani yake alichana juu ya mdundo wa prodyuza Lord Finesse, na miaka miwili baadaye Lord Finesse akamfungulia kesi ya dola milioni 10, akiwashitaki pamoja naye lebo yake na tovuti ya DatPiff iliyoigawa. Kesi iliishia kwa mapatano, lakini neno bure halikuizuia kufunguliwa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Haki ya kunakili kazi, kuibadilisha na kuisambaza ni ya mwenye kazi, na sheria haianzi kwa kukuuliza ulipata shilingi ngapi. Sitaki kukutisha kwamba mwanasheria wa Marekani atapanda ndege kuja Mwanza. Kitakachokupata ni kidogo zaidi na cha hakika zaidi: mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi utaizuia video yako au kuyapeleka mapato ya matangazo kwa mwenye mdundo, na kampuni inayokusambazia nyimbo mtandaoni inaweza kuikataa mikstepu nzima au kuifunga akaunti yako kwa sababu ya wimbo mmoja. Hata Chance yalimkuta. Acid Rap ilipopandishwa rasmi kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mwaka 2019, miaka sita baada ya kutoka, wimbo wa Juice, mmojawapo wa nyimbo zilizopendwa mno, haukuwemo kwa sababu ruhusa ya sampuli, yaani kipande cha wimbo wa mtu mwingine kilichotumika ndani yake, haikupatikana. Mahali pake aliweka ujumbe mfupi wa sauti unaoeleza hivyo, na kusema kwamba mapato ya ujumbe huo yatakwenda kwenye taasisi yake ya hisani. Wewe huna umaarufu wa kuligeuza pengo kuwa sadaka. Kama mistari ya nyimbo hizo 4 ni mizuri, tafuta prodyuza hapohapo Mwanza akutengenezee midundo mipya inayokwenda kwa kasi ileile, urekodi upya sauti, na uzipe nyimbo maisha yake. Mikstepu ya nyimbo 10 zilizo zako ina nguvu kuliko ya nyimbo 14 ambazo 4 ni za kuazima.

Nikirudi kwenye utoaji wenyewe, ningekushauri hivi. Nyimbo ziachie zote kwenye Audiomack, Boomplay na YouTube, kwa jina lako na kwa siku moja, ili anayekutafuta akukute wewe kwanza. Nasema hivyo kwa sababu mwaka 2013 wajanja waliipandisha Acid Rap kwenye maduka ya mtandaoni na kuiuza bila idhini ya mwenyewe, na nakala hizo za wizi ziliuzwa kiasi cha kuingia kwenye chati ya Billboard ya muziki wa R&B na hip hop. Kwetu wizi huo una sura ya kibanda cha kujazia nyimbo kwenye flashi na memori kadi, kile chenye kompyuta moja na spika inayoelekezwa barabarani. Ninajua wasanii wanaovichukia vibanda hivyo, na sababu wanazo. Lakini kwa mchanaji asiyejulikana bado, ningekwenda mwenyewe kwa kijana wa kibanda nikiwa na faili safi, zenye majina sahihi ya nyimbo, picha ya jalada na namba yangu ya simu, kuliko kumwacha agawe nakala iliyorekodiwa vibaya yenye jina la mtu mwingine.

Kisha tengeneza kitu kimoja cha kuuza. Usichape sidii nyingi, kwa maana wengi hawana tena mahali pa kuzichezeshea. Fulana yenye jina la mtaa wako, au kijitabu chenye mistari yote iliyochapwa vizuri, kinamfaa zaidi shabiki wa michano, kwa sababu msikilizaji wetu wa hip hop anapenda kurudia mstari na kuubishania. Bei yake itokane na watu unaowajua kwa majina. Niliwahi kusimamia meza ya mauzo kwenye shoo ndogo ya hip hop Dar es Salaam, na msanii aliyekuwa akiuza kule alikuwa na daftari la shule lenye mistari, jalada limechakaa pembe, ambamo kila aliyenunua aliandika jina, namba ya simu na mtaa anakotoka. Watu walikuwa wakiinama mezani kuandika kwa tochi ya simu. Usiku ule aliuza fulana 31, na kwa fedha halikuwa jambo la kusimulia, lakini miezi kadhaa baadaye alipoandaa shoo yake mwenyewe alimpigia kila mmoja simu kwa zamu na kumtaja kwa jina, na ukumbi ukajaa bila tangazo la redio. Watu 50 wakikulipa shilingi 20,000 kila mmoja kwa simu unapata milioni moja, ambayo inaweza kulipia studio ya kazi inayofuata. Andika basi leo majina ya watu ambao, kwa dhamiri yako, unaamini watatoa hiyo 20,000, na usiwahesabu ndugu. Wakiwa 50, chapa 50. Wakiwa 12, chapa 12, na usione haya, kwa sababu fulana 38 zilizobaki chini ya kitanda huua moyo wa msanii haraka kuliko ukosoaji wowote.

Umeuliza pia utajuaje kama imepokelewa. Usiipime kwa wiki ya kwanza, na tafadhali usinunue watazamaji wa kubandika, maana utakuwa umejiharibia kipimo chako mwenyewe. Crenshaw haikuwa na wimbo uliotawala redio za Marekani. Ilichofanya ni kumpa Nipsey nguvu ya kuzungumza, hata alipoingia makubaliano na Atlantic aliingia kama mshirika mwenye kampuni yake, na albamu yake ya Victory Lap ilipotoka Februari 2018 ilianza katika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard na kuteuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya rap. Ni zaidi ya miaka minne tangu ile siku ya dola 100. Kwako wewe, baada ya mwezi mmoja angalia kama kuna mtu usiyemjua anayekariri vesi yako ya pili, si kiitikio, kwa kuwa kiitikio hukaririwa na kila mtu. Angalia kama namba kwenye daftari zimeanza kutoka Shinyanga, Geita au Musoma. Waulize watu wimbo gani wanauruka, na usibishane nao wakikujibu. Mji uliomtoa Fid Q una masikio makali ya michano, na watu wake watakwambia ukweli ukiwapa nafasi.

Tarehe iweke baada ya kumaliza zile nyimbo 4 na kupata sahihi ya prodyuza. Kama kuna usiku wa maikrofoni ya wazi karibu nawe, panda ukazichane nyimbo mpya mara tatu au nne mbele ya watu kabla hazijatoka, uone ni mstari gani unaowafanya waache kuzungumza. Wimbo wenye mstari huo ndio wa kufungulia mikstepu.